Dama, Bundi na Myuziki wa Lenox

Wanaosema Dama wa Junda amekuwa mkali kwa sababu ya uzee, waongo hao. Wanaosema ana jini, waongo zaidi. Dama alikuwa mtu wa kucheka mpaka anajishika mbavu, na majirani waliokaa naye tangu upande huu wa Kisauni ungali minazi mitupu wanalijua hilo vizuri, ila siku hizi wanajifanya wamesahau. Hasira zake zina mwenyewe. Mwenyewe anaitwa Lenox, na kazi yake ni kukodisha myuziki.

Nikisema myuziki nasema zile spika zinazopangwa moja juu ya moja mpaka zinapita mlango kwa urefu, na jenereta lake, na nyaya zake. Za harusi, za matanga, za wagombea wakati wa kampeni. Ukifiwa Junda leo, kabla hujatafuta jeneza unamtafuta Lenox, maana matanga yakikosa myuziki watu watasema marehemu hakuwa na watu wake. Haya, tuseme mila ni mila. Lakini Lenox alikodi kiwanja mgongoni mwa nyumba ya Dama, akazungusha mabati, na siku ambazo hakuna aliyekufa wala aliyeoa, anazifungulia papo hapo, ati anazijaribu. Anaanza alasiri, anazima watu wakiamkia sala ya alfajiri, kisha analala mpaka adhuhuri. Besi ikianza, sufuria za Dama zinatembea zenyewe kwenye kichanja.

Mara ya kwanza Dama alikwenda kwa adabu zake zote, leso mbili, kichwa amefunga vizuri.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, Hawe. Shikamoo." Hawe ndivyo tunavyowaita kina nyanya huku kwetu, na Dama alipenda kuitwa hivyo.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nafuga kuku. Nina matetea wanaatamia. Hicho kishindo chako kinawainua kwenye mayai, na yai likipoa basi tena."

Lenox akamtazama, akawatazama wenzake waliokuwa wakifungafunga nyaya. "Hawe, kwani kuku nao wana masikio?"

Wakacheka wote. Dama akacheka nao, kwa ustaarabu tu, na kicheko kile kilimkaa kooni hata leo. Maana kutoka siku ile mambo yaliharibika hatua kwa hatua, mpaka ikafika watu wa Junda kumwambia Dama aihame nyumba aliyojengewa na mumewe, kwa ajili ya kelele ambazo si zake na ndege ambao si wake. Jamani! Mtu utaacha kuwaka?

Dama alizaliwa Kaloleni, akaletwa Junda bibi harusi na Munga, mwashi. Ukipita Junda ukaona ukuta ulionyooka, uliza, utaambiwa ni wa Munga. Nyumba yao wenyewe aliijenga kwa matofali yaliyobaki kwenye kazi za watu, kila upande rangi yake, na Dama aliwatania wageni kwamba ameolewa ndani ya kiraka. Kazi ya mwisho ya Munga ilikuwa gorofa la Obeid, hapo mbele yao tu, ng'ambo ya uchochoro. Obeid alikwenda Doha, simu zikawa za nadra, na gorofa likabaki nguzo na madirisha matupu.

Ni humo Munga alimowakuta bundi. Wawili, weupe kifuani, nyuso bapa, wamejibanza huko juu kwenye kijumba kilichojengwa kuwekewa tangi la maji. Vibarua wakashika mawe. Munga akakataa katakata.

"Hawa wanakula panya," akawaambia. "Nyinyi mnatusaidia nini?"

Dama hakufurahi hata kidogo. Alilelewa kama tulivyolelewa sisi sote: bundi akilia unatupa chumvi motoni, unamtukana umwambie akalie kwao, na kama una mtoto mchanga unamfunika uso kwa leso, ndege asimwone. Hafswa, jirani yake muuza mahamri, mzaliwa wa Mji wa Kale, alimwita ndege yule kwa jina la wazee, babewatoto, tena kwa kunong'ona. Mwanzo mwanzo Dama alimaliza chumvi yote ya nyumba. Munga akawa anakula mchuzi usio na ladha na anacheka.

Lakini macho hayakosi kuona. Panya waliokuwa wakitoboa magunia ya pumba ya kuku walipungua, kisha wakawa wa kuhesabika. Chini ya gorofa Dama alianza kuokota vidonge vyeusi vya manyoya, ukivivunja ndani ni mifupa na vifuvu vya panya. Ndivyo bundi anavyokula: anameza mzima, halafu anatapika asichokitaka. Chumvi ikarudi kwenye mchuzi.

Munga alipofariki, Dama alibaki na nyumba, kuku na bundi. Jioni, kuku wakishaingia bandani, alikaa barazani akichambua mchele na kuwatazama wakitoka. Alijua desturi zao kama unavyojua za mpangaji. Mmoja alisimama ukingoni mwa gorofa, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayetega sikio ukutani kusikiliza wa chumba cha pili wanasema nini. Giza liwe giza, mawingu yawe mazito, haimshughulishi. Panya akikanyaga jani kavu tu kule bondeni, bundi keshamjua alipo. Alishuka bila hata mbawa kusikika, akapanda na kitu mguuni. Dama alimwambia Hafswa zaidi ya mara moja, "Huyu haoni panya, mwenzangu. Huyu anamsikia."

"Mimi usinitie kwenye habari za ndege huyo," Hafswa alijibu. "Nipe mayai yangu niende."

Basi ndipo Lenox akaja na spika zake.

Wa kwanza kuumia walikuwa kuku, na si kwa mayai tu. Tetea mwenye vifaranga, kunguru akipita juu, hutoa mlio wa chini kooni, na vifaranga vyote hukimbilia chini ya mbawa kabla hujapepesa jicho. Kunguru wetu hawa wa Mombasa wanajulikana, wezi wasio na haya. Sasa alasiri Lenox akishafungulia, tetea analia, mdomo uko wazi unauona, lakini vifaranga havisikii. Vinaendelea kuparura mchanga. Kunguru anatua kwa raha zake, anachagua, anaondoka. Dama alikimbia na fagio huku na kule. Tetea mmoja aliyempenda, mwenye madoa shingoni, alinyakuliwa watoto wote mbele yake huku akiita, na alipokwisha kunyamaza hakutaga tena.

Vyura wa bondeni nao, waliokuwa wakilia mvua ikinyesha mpaka mtu unawaombea wanyamaze, walinyamaza. Vyura dume huita majike. Jike asiposikia, atakwenda kwa nani?

Kisha bundi. Dama aliwaona wakisimama ukingoni, kichwa upande huu, kichwa upande ule, hawashuki. Watasikia nini? Besi ilikuwa inatikisa mpaka mabati ya choo. Mmoja akishuka alirudi miguu mitupu. Vidonge chini ya gorofa vikawa vichache, vikawa hakuna. Siku moja asubuhi Dama alikuta makinda yamedondoka chini, mepesi, matumbo yamebonyea. Aliyafukia kwenye shina la mpapai. Akachukua ndoo ya maji aliyooshea vyombo vya kuku, akaenda moja kwa moja kwa Lenox, safari hii bila leso ya pili wala hodi, akamwamsha kwa kuyapiga mabati.

"Unaua vitu hapa! Unaua vitu usivyoviona!"

Lenox alitoka anafikicha macho. "Hawe, nimemuua nani? Mimi ni mfanyabiashara. Si unihurumie nilale kidogo? Hizi ni kelele gani asubuhi yote hii?"

Ati kelele! Yeye, Lenox, kuulizia kelele! Dama alimwaga ndoo nzima mlangoni pake. Habari ya maji yale ilifika mpaka sokoni Kongowea. Ilifika bila ya makinda.

Panya wakaja. Wakaja kama watu waliosikia nyumba iko wazi. Mwanzo kwenye pumba za Dama, halafu kwenye maduka, halafu darini mwa kila mtu. Lakini hakuna aliyewasema sana, kwa sababu usiku, wakati panya anapofanya kazi, nani angesikia mchakacho wa panya juu ya myuziki ule? Watu waliona sabuni imeng'atwa, unga umetobolewa, wakanunua mtego mmoja, wakasahau.

Sasa hapa ndipo penye shida yenyewe. Bundi mmoja alipotea asirudi. Yule aliyebaki njaa ilimzidi, akafanya jambo ambalo bundi wa kawaida halifanyi. Aligundua kwamba Junda yote ina saa chache tu za kimya: asubuhi, Lenox akiwa amelala. Akaanza kuwinda asubuhi. Mchana kweupe, jua limetoka, watu wanakunywa chai, bundi mweupe ametua kwenye mlingoti wa nguo, anageuza uso wake bapa huku na huku.

Na mlingoti wenyewe ulikuwa wa nani? Wa Rispa.

Rispa na mumewe Lewa walikaa vyumba viwili kando ya gorofa, na walikuwa na mtoto mchanga, Linda. Siku zile Linda alikuwa hana raha. Alilia, alichemka mwili, na vidoleni mwa miguu alikuwa na vidonda vidogo ambavyo kila vikipona vinatokea vingine. Mtu mwenye akili yake angekwenda zahanati. Rispa alipelekwa na mama mkwe kwa mganga, na mganga akauliza, "Hapo kwenu hakuna ndege?" Hebu niambie, Junda nzima imemwona bundi juu ya kamba ya nguo za mtoto, hiyo nayo ni ramli?

Ikawa mtoto hatoki nje. Rispa alimfungia chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa gunia, ndege asimwone. Na maneno yakatoka kwa mama mkwe yakaingia kwa majirani, kwamba ndege haji bila kutumwa, na anayemtuma ni yule aliyemfuga miaka yote, aliyeyafukia makinda yake kwa mikono yake kama mtu anayezika wajukuu. Kumbe alionekana.

Hafswa ndiye aliyekuja kumwambia. Alikuja na sahani ya mahamri imefunikwa, akakaa ukingoni mwa baraza, kama mtu asiyekuja kukaa.

"Dada Dama, nikwambie kitu usikasirike."

"Nimeshakasirika tangu mwaka jana. Sema."

"Watu wasema wewe ndiwe mwenye ndege. Mimi sisemi, wallahi. Lakini kwani huna ndugu Kaloleni? Enda kidogo, mambo yapowe, kisha urudi."

Dama akaweka ungo chini. "Hafswa. Umekaa na mimi miaka yote hii. Umekula mayai yangu. Nikiondoka leo, nitarudi wapi? Nani atanipa nyumba iliyokwisha kuitwa ya mchawi? Unajua wanavyofanywa kina nyanya huko mashambani wakishaitwa hivyo."

Hafswa alijua. Sote tunajua. Alifuta macho kwa ncha ya buibui, akaondoka, mahamri akayaacha.

Kikao kilifanyika uani kwa Lewa, na Absalom, mzee wa nyumba kumi, ndiye aliyesimama. Absalom ni mtu wa kupenda mambo yaishe bila polisi. Alisema ndege lazima atoke. Mtu akapendekeza mawe, wengine wakaogopa, maana ukimpiga ndege wa kutumwa ukimkosa balaa linakurudia. Ndipo Lewa akasema, na hapa mtanisamehe nikitukana, "Si tuna myuziki? Tumpigie myuziki mpaka akimbie mwenyewe. Kwanza nyimbo za kanisa, halafu kaswida, asipate pa kushika."

Wakapiga makofi! Dama alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyempa kiti.

"Ni hizo spika zilizomtoa mchana!" akapaza sauti. "Usiku hasikii chakula chake, ana njaa, ndiyo mnamwona asubuhi! Na panya ndio waliojaa..."

"Hawe," Absalom akamkata, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, "mbona wamtetea sana?"

Dama aliwatazama mmoja mmoja. Kulikuwa na watu pale ambao Munga aliwajengea kwa ahadi ya kulipwa tu, na hawakuinua macho.

"Mimi simtetei," akasema. "Nasema kweli."

"Basi na iwe hivi," Absalom akasema. "Ndege akitoka, na wewe pumzika kidogo kwa ndugu zako. Kwa usalama wako, Hawe. Lewa atakutafutia gari."

Siku ya pili alasiri Lenox alisogeza spika uchochoroni, akazipanga zikatazama gorofa, jenereta akaliegemeza kwenye ukuta wa Dama kwa kuwa ndio wenye kivuli. Watu walijaa. Lewa na wenzake walishika fimbo. Rispa alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani, na Linda alikuwa amemfungia chumba cha ndani. Dama alisimama mlangoni kwake. Nyuma yake, kitandani, palikuwa na mfuko wa nguo aliokuwa amefungiwa na Hafswa. Yeye mwenyewe hakuugusa.

Lenox akafungulia.

Yeyote aliyekuwapo atakwambia kifua kilitaka kupasuka. Mchanga ulirukaruka chini. Kwaya iliimba, lakini hukusikia neno hata moja, ulisikia kishindo tu. Bundi alistahimili. Wimbo wa pili, alistahimili. Kisha akatokea ukingoni, akiyumba, jua linampiga machoni, na kunguru waliokuwa juu ya mnazi wakamwona. Walimwangukia wote kwa pamoja. Alijaribu kurudi ndani, spika zikamtoa. Akaruka kuelekea mikokoni, chini chini, kunguru wakimdonoa mgongo, manyoya meupe yakabaki hewani. Watu wakarukaruka kwa furaha. Midomo ya vigelegele aliiona Dama, vigelegele vyenyewe havikusikika.

Dama alipiga kelele. Alipiga kwa nguvu zake zote, aliwaita wapumbavu, aliwaita wauaji, alimwita Munga kwa jina. Hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyemsikia. Ndipo mori ukampanda kweli. Akaliendea jenereta, akaushika waya mnene kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akauchomoa.

Kimya kilichoingia kilikuwa kizito hata watu wakashika masikio. Lenox akafungua mdomo atukane. Hakuwahi.

Ndani kwa Rispa mtoto alikuwa analia. Hakikuwa kilio cha kuanza sasa. Kilikuwa kile cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka, imebaki kukwaruza tu. Alikuwa amelia wimbo wa kwanza wote na wa pili wote, mama yake yuko hatua chache tu anamtazama ndege.

Rispa alikimbia, Lewa nyuma yake, na Dama nyuma ya Lewa. Rispa alipofungua mlango wa chumba cha ndani, kiliruka kitu kutoka kitandani, kinene, na mkia, kikapanda ukutani kwenda darini bila hata haraka. Linda alikuwa na damu kisigino. Na kule darini, sasa kila mtu aliwasikia, mpaka waliokuwa uchochoroni: panya wamevurugwa na besi, wanakimbizana juu ya mbao, huku na kule, wengi ajabu. Nyumba ya pili pia. Nyumba ya tatu pia.

Dama alimnyang'anya Rispa leso, akamfunga mtoto mguu. "Zahanati," akasema. "Sasa hivi. Mwambieni daktari ni panya. Msimwambie habari za ndege."

Wakaenda. Waliobaki walitazama chini. Absalom alikohoa, akasema jua ni kali, akaenda zake. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyesema samahani. Lenox aliukusanya waya wake, akaukagua kama umekatika, na jioni ile ile akafungulia kama kawaida, kwa kuwa palikuwa na harusi ya kujiandalia.

Linda alipona, alidungwa sindano akapewa dawa, na habari ya kumtafutia Dama gari haikutajwa tena. Dama aliufungua ule mfuko, akarudisha nguo kwenye kamba. Alidhani yamekwisha. Alidhani watu wameona kwa macho yao na kusikia kwa masikio yao, basi watamwendea Lenox wote pamoja. Lo, Dama!

Siku chache baadaye wakaja barazani kwake, Absalom, Lewa na Rispa, mtoto mgongoni. Absalom alikuwa na kuku mweusi kwapani. Dama akamtambua kuku: ni wa ukoo wa kuku wake, aliwauzia yeye mwenyewe.

"Hawe, shikamoo."

"Marahaba. Kuku wa nini?"

Absalom akamtoa kuku kwapani. "Panya wametuzidi, Hawe. Tumeweka mitego, tumeweka sumu, hawaishi. Tumekuja tujishushe. Tulikukosea. Tunakuomba uwaite."

"Niwaite nani?"

"Ndege wako."

"Absalom, nisikilize kwa mara ya mwisho. Mimi si mchawi. Wale si ndege wangu. Bundi anaishi kwa masikio yake. Zimeni zile kelele usiku, watarudi wenyewe."

Absalom akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na mgonjwa. "Tunajua, Hawe. Mambo hayo hayasemwi wazi. Hatukulazimishi useme."

Rispa alipiga magoti. "Tafadhali, Hawe. Hata mmoja tu. Kwa ajili ya huyu."

Dama aliutazama mguu wa Linda, ule wa bandeji, unaning'inia ubavuni mwa mama yake. Alitaka kulia, hasira zikazuia. Muda wote huu alikuwa amesema kweli, kwa adabu akasema, kwa ndoo akasema, kwa kupiga kelele akasema, na haikuingia sikio hata moja. Nyuma ya mabati Lenox alikuwa anaunganisha nyaya. Haloo, haloo, tunajaribu.

Akainuka. Akamchukua yule kuku mweusi, akamshika miguu, kichwa chini.

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata yeye ilimshtua. "Ndege hawarudi mpaka yule azime. Jua likishatua asisikike kabisa. Akifungulia tena usiku hata mara moja, mimi sisemi kitu. Litakalowapata shauri yenu."

"Tumesikia, Hawe," Absalom akasema, akarudi kinyumenyume mpaka uchochoroni. Walisikia! Walisikia mara moja!

Jua halijatua Lenox alikuwa anapakia spika kwenye pikapu. Amehamia Magongo, ng'ambo ya kisiwa, na watu wa huko wana yao. Yule aliyeuliza kama kuku wana masikio alipita mbele ya Dama ameinamisha shingo, akasema shikamoo mbili.

Junda ikatulia. Vyura ndio walioanza, mvua ya kwanza tu. Matetea wakarudi kuatamia, na tetea akitoa ule mlio wa kooni vifaranga vinakimbia. Halafu jioni moja Dama akiwa barazani na ungo wake, akasikia kule juu gorofani pumzi ya kukwaruza, ile sauti yao. Darini panya wamepungua. Linda anatambaa, anasimama dede.

Lakini Hafswa mahamri siku hizi anayaweka juu ya ukuta, anapiga hodi kwa mbali, anaondoka kabla Dama hajafika. Mayai wanakuja kununua watu wa Mkomani tu, wasiojua habari. Hakuna anayemwambia ahame, wala hakuna atakayethubutu. Shikamoo anapewa nyingi, kutoka upande wa pili wa njia, na mtu haachi mwendo. Na Rispa, ambaye mtoto wake ana vidole vyake vyote kwa sababu ya Dama, akifika mbele ya mlango ule anasimama kidogo, anamfunika Linda uso kwa leso, kisha anapita haraka.